Kualishwa mgongo au kuchuliwa misuli? Ulinganisho kwa mwenye maumivu ya mgongo wa juu

Utamjua mwenye maumivu haya kwa namna anavyojipapasa. Anapitisha mkono juu ya bega, anashusha vidole kutafuta mahali fulani kati ya uti wa mgongo na kombe la bega, na vidole havifiki. Ndipo anamwomba aliye karibu: "Hebu nibonyeze hapo. Chini kidogo. Hapo hapo." Mara nyingi ni mtu wa kazi ya kukaa. Anachapa kwenye kompyuta, anainamia cherehani, anashika usukani kutwa, au ananyonyesha usiku huku kainamisha shingo kumtazama mtoto.

Akichoka kubonyezwa na ndugu, anatafuta mtaalamu, na hapo anakuta milango miwili. Mmoja ni wa kairopraktiki, anakolazwa kifudifudi, mgongo ukasukumwa kwa kishindo kifupi mpaka ukalia kama mtu anayealisha vidole. Wa pili ni wa wachuaji: masaji ya tiba, kukanda mafundo, kubonyeza kwa kidole gumba au kiwiko, mambo ambayo kwa jumla huitwa tiba ya tishu laini. Kila mlango una watu wanaouapia. Mimi nimepita yote miwili kwa miaka ya kukaa mbele ya kompyuta, na haya ndiyo ningependa kuambiwa kabla sijafungua pochi.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema, ili mwenye haraka asihangaike. Kama maumivu yako ni mazito, yameenea, yanaanza kidogo kidogo na kuzidi kadiri jua linavyozama, anza na misuli. Kama ni mahali pamoja panapokwama, panapochoma ukigeuka upande mmoja au ukivuta pumzi ndefu, kairopraktiki ina nafasi nzuri. Kwa vyovyote vile, unachonunua ni nafuu ya saa kadhaa au siku kadhaa. Unachofanya ndani ya nafuu hiyo ndicho kinachoamua kama utarudi kitandani kwa mtaalamu mwezi ujao.

Kinachouma ni nini

Mgongo wa juu una pingili 12, na kila pingili imeshikana na jozi ya mbavu. Maana yake ni kwamba eneo hili lina viungo vidogo vingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya uti wa mgongo: pingili kwa pingili, na ubavu kwa pingili, kulia na kushoto. Viungo hivyo vikikaa saa nne bila kusogezwa vinakuwa vigumu, kama bawaba ya mlango usiofunguliwa.

Juu ya viungo kuna misuli. Upo ule mpana unaoanzia kisogoni, unaotandaa hadi kwenye mabega na kushuka katikati ya mgongo. Chini yake upo unaovuta kombe la bega kuelekea uti wa mgongo, na mwingine mwembamba unaolinyanyua kombe kutoka shingoni. Ukiinama mbele na mabega yakaviringika, misuli hii haipumziki. Inabaki imevutwa, ikishikilia kichwa na mikono kama kamba iliyofungwa mzigo. Huku mbele, misuli ya kidari inazoea kuwa mifupi.

Sasa kuna jambo ambalo wataalamu wengi wa pande zote mbili hulipita haraka. Maumivu unayoyasikia kando ya kombe la bega huenda yanatoka shingoni. Mwaka 1959 daktari wa upasuaji Ralph Cloward alieleza jinsi diski za shingo, yaani vibao laini vilivyo kati ya pingili, zilipochokozwa wagonjwa wakasikia maumivu mgongoni, ukingoni mwa kombe la bega. Kwa hiyo mtu anaweza kuchuliwa mgongo mwezi mzima, au kualishwa kila wiki, na chanzo kiko sentimita 15 juu ya pale anapoguswa. Likumbuke hili, tutalirudia.

Na mkao wenyewe? Huenda umewahi kuona ule mchoro wa mtu kainamia simu, kando yake pameandikwa kilo 27. Namba hiyo ilitoka katika hesabu aliyochapisha daktari wa upasuaji Kenneth Hansraj mwaka 2014: kichwa chenye uzito wa kama kilo 5 kikiinamishwa nyuzi 60, shingo hubeba mzigo wa takriban kilo 27. Ni hesabu ya mizigo kwenye kielelezo cha kompyuta, wala si kipimo cha maumivu ya watu. Wapo wenye mgongo uliopinda kabisa wasiojua maumivu, na wapo walionyooka kama mlingoti wanaolala na kitambaa cha moto mgongoni kila usiku. Mkao "mbaya" ukiubadilisha kila dakika ishirini hukudhuru kidogo kuliko mkao "mzuri" ulioung'ang'ania saa tano. Mtaalamu akikuambia mgongo wako umeharibika kwa sababu ya mkao, mwulize amejuaje.

Mlango wa kwanza: kairopraktiki

Kazi hii ina tarehe ya kuzaliwa, jambo ambalo tiba nyingi hazina. Septemba 1895, mjini Davenport katika jimbo la Iowa, Marekani, D. D. Palmer alimsukuma mgongo msafishaji wa jengo aliyeitwa Harvey Lillard, na akadai kwamba usikivu wa Lillard, uliokuwa umepungua kwa miaka, ulirudi. Jina lenyewe limeungwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya mkono na utendaji. Palmer aliamini kwamba karibu magonjwa yote yanatokana na pingili zilizosogea na kubana mishipa ya fahamu. Dhana hiyo haikuthibitika, na wengi katika fani hiyo leo wameiacha. Wengine hawajaiacha, na tofauti kati ya makundi hayo mawili ni kubwa kuliko tofauti kati ya kairopraktiki nzuri na fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mikono na mazoezi.

Ziara ya kwanza ikiwa ya mtu makini, utaulizwa maswali mengi, utapimwa nguvu za mikono na hisia za ngozi, utaambiwa ugeuke, uiname, uvute pumzi. Kisha atapita na vidole pingili kwa pingili akitafuta mahali pasipotaka kusogea. Kwa mgongo wa juu utalala kifudifudi, yeye aweke viganja viwili karibu na pingili, akungoje utoe pumzi, halafu asukume: mwendo mfupi, wa haraka sana, usiozidi nusu sekunde. Wengine hukulaza chali, mikono imekumbatia kifua, wakasukuma kwa uzito wa mwili wao.

Mlio unaousikia si mfupa kurudi mahali pake. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walivuta vidole vya mtu ndani ya mashine ya kupiga picha kwa sumaku na kuona kinachotokea: nyuso za kiungo zinapoachana ghafla, ndani ya ute wa kiungo linafunguka pengo la gesi. Ndiyo sababu kiungo kilicholia hakilii tena mpaka zipite kama dakika 20. Na kwa wanaoogopa kwamba kualisha viungo kunaleta baridi yabisi, kuna daktari mmoja wa Marekani, Donald Unger, aliyealisha vidole vya mkono wa kushoto kwa zaidi ya miaka 60 huku akiuacha wa kulia. Hakuona tofauti kati ya mikono hiyo miwili. Alizawadiwa Ig Nobel mwaka 2009, tuzo ya utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Mtu mmoja si ushahidi, lakini uvumilivu wake naustahi.

Kama mfupa haurudi popote, nafuu inatoka wapi? Kwa sehemu kubwa kwenye mfumo wa fahamu. Msukumo wa ghafla unaamsha vipokezi vya kiungo na misuli iliyo karibu, misuli iliyojikaza inalegea kwa muda, na ubongo unapunguza kelele ya maumivu. Unainuka kitandani ukigeuka vizuri zaidi kuliko ulivyoingia. Ni hisia tamu, na ni ya haraka. Hapo ndipo kairopraktiki inapoishinda masaji bila ubishi: ziara za baada ya ile ya kwanza zinaweza kuwa za robo saa tu, na ukitoka unajua pale pale kama kuna kilichobadilika.

Ubaya wake nimeuonja. Mtaalamu mmoja niliyemwendea alinipiga eksirei ya mgongo mzima kabla hajanigusa, akanionyesha mstari mwekundu aliouchora juu yake, akaniambia nahitaji ziara thelathini, na zikilipwa kwa pamoja nitapata punguzo. Kwa maumivu ya kawaida ya mgongo yasiyo na dalili za hatari, eksirei haihitajiki. Inakuongezea mionzi, na inaonyesha mikwaruzo ya umri ambayo watu wengi wasioumwa wanayo vilevile. Mkataba wa ziara thelathini unaoandikwa siku ya kwanza ni hesabu ya biashara.

Mlango wa pili: tishu laini

Huku hakuna Palmer mmoja. Kuchua ni kwa kale kuliko maandishi, na leo neno "tishu laini" linabeba vitu vingi: masaji ya mafuta ya mikono mirefu, kukanda kama unga, kusugua msuli kwa kukata nyuzi zake, kubonyeza fundo na kungoja, kukwangua kwa vyuma, vikombe vya kufyonza, hata kuchomwa sindano msulini. Anayefanya anaweza kuwa mchuaji, mtaalamu wa fiziotherapia, au mtu wa kairopraktiki mwenyewe, kwa sababu wengi wao huchanganya. Hili ndilo linaloufanya ulinganisho huu usiwe wa timu mbili za mpira. Unachochagua ni aina ya mguso kuliko kibao cha mlangoni.

Fundo ndilo neno utakalolisikia zaidi. Janet Travell, daktari aliyewahi kumtibu mgongo Rais Kennedy wa Marekani, pamoja na mwenzake David Simons, waliieneza dhana ya vituo vidogo ndani ya msuli ambavyo ukivibonyeza vinapeleka maumivu mahali pengine: unabonyezwa juu ya bega, unasikia kwenye kipaji. Yeyote aliyewahi kubonyezwa vizuri anajua kwamba hisia hiyo ipo. Kinachobishaniwa ni kama kweli kuna fundo la nyama pale. Wachunguzi wawili wakipewa mgongo mmoja, mara nyingi hawakubaliani fundo liko wapi. Mimi huchukulia "fundo" kama jina la mahali panapouma na panapolegea likibonyezwa, basi.

Hadithi nyingine ya kuitupa: kwamba mchuaji anavunja utando mgumu uliogandamana chini ya ngozi. Watafiti waliopiga hesabu mwaka 2008 waliona kwamba kuubadilisha umbo utando mnene kama ule wa paja au wa wayo, hata kwa asilimia 1, kunahitaji nguvu kuliko alizonazo mtu. Na masaji haitoi sumu mwilini. Kazi hiyo ni ya ini na figo. Kinacholegea ni ulinzi wa msuli, kwa amri ya mfumo wa fahamu, kama ilivyo kwa mlio wa kairopraktiki. Njia mbili, mlinzi mmoja wa lango.

Kwa nini basi naielekea misuli kwanza kwa maumivu yaliyoenea? Kwa sababu mchuaji anakaa na eneo lote. Anaanza shingoni, anashuka, anakwenda chini ya ukingo wa kombe. Na akiwa anajua kazi yake atakugeuza chali afanye kidari na kwapa, mahali ambapo mtu aliyeinamia meza amefupika. Hicho ndicho kipimo changu cha mchuaji. Anayesugua pale tu unapolalamikia ni mtumishi mzuri. Anayegusa na mbele ameelewa tatizo.

Muda una uzito hapa. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2014, watu 228 wenye maumivu sugu ya shingo waligawiwa vipimo tofauti vya masaji kwa wiki 4. Waliochuliwa dakika 60 mara mbili au tatu kwa wiki walipata nafuu ya wazi. Wa dakika 30 hawakuwashinda kwa maana yoyote walioambiwa wasubiri zamu. Zile dakika ishirini za kupapaswa mabega juu ya nguo kwenye kiti zinapendeza, ila usizihesabu kama tiba. Hii ndiyo gharama halisi ya mlango wa pili: saa nzima, mara kadhaa kwa wiki, hela na muda wa safari kila mara.

Kuhusu nguvu, msemo wa "lazima iume ndipo ipone" umewaumiza wengi. Ukijikuta unakunja vidole vya miguu na kushika pumzi, msuli wako unapigana na mkono wa mchuaji, na atakayeshindwa ni wewe kesho yake. Mwambie apunguze. Mchuaji mzuri hakasiriki.

Ushahidi unaegemea wapi

Tafiti nyingi nzuri zimefanywa juu ya shingo na kiuno. Mgongo wa juu umesahaulika katikati. Kwa hiyo tunaazima kutoka kwa jirani wa juu, tukijua tunaazima.

Mwaka 2012 zilichapishwa matokeo ya watu 272 wenye maumivu ya shingo ya wiki 2 hadi 12. Kundi moja lilisukumwa uti wa mgongo, la pili likapewa dawa, la tatu likafundishwa mazoezi ya nyumbani katika ziara mbili za saa moja. Kusukumwa kuliishinda dawa. Lakini wale wa mazoezi walikwenda bega kwa bega na waliosukumwa. Hebu soma tena: ziara mbili.

Utafiti wa pili ninaoupenda ni wa Denmark, wa 2011. Wafanyakazi wa ofisini 198 wenye maumivu ya mara kwa mara ya shingo na mabega walipewa kamba ya mpira ya mazoezi. Wengine walifanya dakika 12 kwa siku, wengine dakika 2 tu, siku tano kwa wiki, kwa wiki 10. Zoezi lilikuwa moja: kuinua mikono pembeni, mbele kidogo ya mwili, hadi usawa wa mabega. Makundi yote mawili yalipata nafuu kuliko wale wasiofanya, na wa dakika 2 hawakuachwa mbali.

Ukiweka tafiti hizo mbili mezani pamoja na ule wa masaji utaona kwa nini siko tayari kumtangaza mshindi kati ya kualisha na kuchua. Vyote vinasaidia kwa kiasi, kwa muda mfupi. Kinachobaki ni msuli ulioongezewa nguvu.

Hatari, na hapa hazilingani

Kuumwa kidogo baada ya tiba ni kawaida pande zote. Karibu nusu ya wanaosukumwa uti wa mgongo husikia maumivu au uchovu unaoisha ndani ya siku moja au mbili, na aliyechuliwa kwa nguvu huamka kama aliyelima.

Hatari kubwa ni chache, ila zinatofautiana. Kusukuma mgongo wa juu kunaweza kuvunja ubavu au pingili ya mtu mwenye mifupa iliyodhoofika, yaani wazee wengi, wanawake waliokwishakoma hedhi, na waliotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu. Kusokota shingo kumehusishwa na kuchanika kwa mishipa ya damu inayopanda kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Ni nadra sana, na wataalamu bado wanabishana, kwa kuwa mshipa unaochanika wenyewe huleta maumivu ya shingo na kichwa, na mtu huenda alikwenda kutibiwa wakati tayari umeanza kuchanika. Mimi sikusubiri ubishi uishe. Mgongo wa juu unaweza kutibiwa bila shingo kusokotwa, na una haki ya kusema: "Shingo yangu usiisokote." Anayekataa, shuka kitandani.

Upande wa kuchua hatari ni ndogo: michubuko, hasa kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Isipokuwa sindano. Mapafu yapo chini tu ya misuli ya mgongo wa juu, na sindano iliyopita kati ya mbavu inaweza kutoboa kifuko cha pafu. Ukichomwa hapo kisha ukapata shida ya kupumua au maumivu ya kifua, hata baada ya saa kadhaa, nenda hospitali.

Kuhusu mafunzo, kairopraktiki ina kiwango kinachojulikana zaidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2005 unataka si chini ya saa 4,200 za masomo kwa anayeanza bila msingi wa udaktari, yaani miaka 4 ya darasani na kliniki. Wachuaji wanaanzia wale waliosoma miaka hadi wale wa semina ya mwisho wa juma. Uliza, bila aibu.

Usimwendee yeyote kati yao kwanza

Mgongo wa juu una majirani wakubwa, nao hupenda kulia kupitia kwake. Maumivu ya kupasuka yaliyokuja ghafla kati ya makombe ya mabega, au yanayoambatana na kifua kubana, jasho na kukosa pumzi, ni ya chumba cha dharura, si ya kitanda cha masaji. Nyongo nayo huuma chini ya kombe la kulia, hasa baada ya kula vyenye mafuta.

Maumivu yasiyobadilika hata ukilala, yanayokuamsha usiku, pamoja na homa au kukonda bila sababu, yanahitaji daktari, kwa sababu kifua kikuu cha uti wa mgongo hupenda eneo hili, na saratani husambaa humo. Vivyo hivyo ukianguka au kupata ajali, ukihisi miguu dhaifu, unapepesuka, au haja inakutoka bila kujua.

Na moja ambalo watu hulidharau: maumivu ya kuchoma yanayozunguka upande mmoja kutoka mgongoni hadi kifuani, ngozi haitaki hata kuguswa na shati. Siku mbili tatu baadaye malengelenge yanaweza kujitokeza, na hapo si mkao tena bali mkanda wa jeshi. Dawa yake hufanya kazi vizuri ikianzwa mapema, ndani ya siku 3 za upele.

Jipime kabla ya kulipa

Kaa kwenye kiti, kumbatia kifua chako, geuka kulia taratibu kisha kushoto. Upande mmoja ukigoma mapema kwa maumivu makali ya mahali unapoweza kupaonyesha kwa kidole kimoja, na pumzi ndefu ikapachokoza hapo hapo, nakuelekeza mlango wa kwanza.

Kisha simama ukutani na mpira mdogo kati ya ukuta na msuli ulio kando ya uti wa mgongo. Egemea dakika moja. Maumivu yale yale unayoyajua yakija, kisha yakayeyuka taratibu ukiwa umeegemea, msuli unaomba mikono, na mchuaji atafanya zaidi ya mpira. (Wakati mwingine mpira unatosha. Wachuaji hawatakuambia.)

La tatu ndilo lenye uzito zaidi. Inua kidevu utazame dari, kisha geuza na kuinamisha shingo upande wa maumivu. Kama mgongo unauma kwa kusogeza shingo tu, au ganzi inashuka mkononi, tatizo huenda liko kule alikokuonyesha Cloward. Usiende kuchuliwa mgongo. Tafuta daktari au mtaalamu wa fiziotherapia aichunguze shingo.

Ukishachagua

Lipa ziara moja moja. Kabla ya ya kwanza, andika namba: maumivu ni ngapi kati ya 10 saa kumi jioni, na unaweza kukaa dakika ngapi kabla hayajaanza. Mwulize mtaalamu mambo mawili tu: unatarajia nini kibadilike kufikia ziara ya tatu, na nifanye nini nyumbani. Asiye na jibu la swali la pili anakutegemea urudi.

Ukitoka kitandani, jioni hiyo hiyo mgongo ukiwa umelegea, anza dakika zako mbili za kamba ya mpira, na uendelee nazo siku tano kwa wiki. Nafuu ya mikono ya mtu ndiyo inayokuwezesha kuinua mikono yako bila kukunja uso. Ukiipoteza kwa kurudi moja kwa moja kwenye kiti, umelipia usingizi mzuri wa usiku mmoja. Kazini, weka simu ikuinue kila nusu saa, hata kama ni kwenda kujaza maji.

Katika ziara ya nne fungua ulipoandika. Namba imeshuka? Ongeza siku kati ya ziara na ziara mpaka uache. Haijasogea? Jaribu mlango ule mwingine mara tatu, si zaidi. Hapo pia ikigoma, acha mgongo upumzike na umpelekee daktari au mtaalamu wa fiziotherapia shingo yako aitazame.